Fulari za Stempu Nilizokataza Zisipindwe

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, nilisema uongo mmoja mfupi, na aliyeulipia ni fundi wangu. Kosa ni langu. Jina langu niachieni.

Miaka ile ya vita nilikuwa nauza vipuri hapa mtaani Buyenzi. Habari za stempu za posta nilijisomea mwenyewe, bila mwalimu. Jirani alipomwoza binti yake, niliahidi fulari kumi na mbili za hariri, mashangazi wajifunge kichwani wawe sare. Kila moja niliichora kama stempu ya ukumbusho wa uhuru: ngoma katikati, bei pembeni, meno kuzunguka. Meno niliyahesabu kwa lenzi!

Fundi Shabani alikunja uso. "Mze, hariri bila pindo itafumuka."

"Stempu haina pindo! Kata meno."

Akakata.

Asubuhi ya harusi Bi Mwajuma, shangazi mkubwa, akagusa ukingo. "Baba Salma, nyuzi zinatoka. Shabani anasema nini?"

"Amesema ni sawa."

Ole wangu!

Bwana harusi alikaa Kanyosha. Njiani kulikuwa na vizuizi vitatu vya askari, na kwenye kila kizuizi fulari zilivuliwa zikakung'utwa, isije ikawa zimeficha kitu. Nilijua! Kofia yangu mwenyewe ilikung'utwa kila siku. Kizuizi cha kwanza, meno yakaisha. Cha pili, bei ikaenda na upepo. Cha tatu, askari akainua kilichobaki kwa vidole viwili.

"Mama, hii ni ya kufunga kichwa ao ya kupangusa mapua?"

Mashangazi wote wakaingia kwa wakwe, kila mmoja ameshikilia utosini kwa mkono kile kipande cha ngoma kilichobaki. Wakwe wakadhani ni desturi yetu. Nao wakashika vichwa, kwa heshima!

Kesho yake Bi Mwajuma alimkuta Shabani barabarani, nami nipo kando yake. "Fundi gani we? Umetuvua mbele ya watu!"

Shabani akanitazama, akingoja niseme. Nikatazama viatu vyangu.

Wateja wakamhama. Mwezi haukuisha, akauza cherehani.

Hapo ndipo nilipokwenda kukiri kwa Bi Mwajuma, kisha nikampelekea Shabani cherehani nyingine. Hakuipokea. "Mze, ungesema siku ile. Leo nani anasikia?"

Jamani, fundi akikwambia pinda, pinda! Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, watu wakiwa bado wamesimama pale.

Hariri, rangi, na cherehani inayopata kutu chumbani kwangu: jumla nimelipa faranga elfu themanini na saba na mia tano.