Kitambaa Juu ya Seva

Kuna watu wakisingiziwa hulia, na kuna wanaokimbilia kwa mchungaji. Esteria Alphonce akisingiziwa hufunga kilemba chake upya, kwa nguvu, mpaka nyusi zinapanda, kisha anauliza swali. Wanaomfahamu wakiona kilemba kinafunguliwa huanza kutafuta shughuli kwingine.

Alizaliwa Magamba, pembeni mwa msitu, binti wa mzee aliyekuwa akipanda miti ya serikali na aliyejaliwa redio moja na subira kidogo sana. Redio ikinyamaza, mzee aliipiga kofi. Siku moja Esteria, akiwa bado na mapengo mdomoni, akamuuliza, “Baba, unaipiga wapi wakati hujui inaumwa wapi?” Kofi lililofuata halikuwa la redio. Lakini swali hakulirudisha. Alikwenda nalo shule, akaenda nalo Tanga kusomea kompyuta, akarudi nalo milimani alipoajiriwa na hospitali moja ya misheni kuutunza mfumo wa taarifa za wagonjwa.

Seva ya hospitali ilikaa katika chumba kilichokuwa zamani stoo ya mablanketi. Mama yake Esteria aliposikia kwamba binti yake analinda mashine yenye majina ya wagonjwa wote wa huku juu, alikaa chini akamfumia kitambaa cheupe chenye ua la zambarau katikati. Nani asiyejua mambo hayo? Redio ina chake, televisheni ina chake, kochi lina chake. Kitu cha maana hakiachwi uchi. Esteria alikitandika juu ya seva, akahakikisha matundu ya hewa ya ubavuni yako wazi, na kwa miaka mashine na kitambaa vikaishi kwa amani kuliko ndoa nyingi za mjini Lushoto.

Kisha likaja toleo jipya.

Kampuni ya Dar es Salaam iliyowauzia programu ya hifadhidata, yaani ile inayoyatunza majina na magonjwa ya watu na kuyatafuta yanapohitajika, ilipandisha toleo hilo kupitia mtandao, ikatuma na ujumbe wa pongezi. Siku ya gulio iliyofuata, watu wakiwa wameteremka kwa wingi, mfumo ukaganda. Kioo cha kompyuta ya mapokezi kikaonyesha kile kiduara kinachozunguka, kikazunguka, kikazunguka, halafu seva ikazima. Wakaiwasha. Ikazima tena. Mpaka saa sita foleni ilikuwa imefika kwenye bustani ya maua, wengi wao akina mama wa kliniki ya presha, ambayo hufanyika siku ya gulio, na daktari alikuwa anaandika dawa kwa kumuuliza mgonjwa mwenyewe anakumbuka anameza nini. Mmoja alisema, “Vile vyeupe.” Hata chaki ni nyeupe.

Gulio la pili mambo yakawa yaleyale. Kampuni ikapigiwa simu. Majibu yao yalikuwa tayari hata kabla ya maelezo kwisha: huko kwenu kuna ukungu, huko kwenu umeme unachezacheza, hebu tutumieni picha ya seva. Picha ikatumwa. Loo! Walipoona kitambaa, kesi ikaisha. Ripoti ikarudi imeandikwa kwamba seva imefunikwa nguo, imepata joto, na kwamba chanzo ni uzembe wa mtunza mfumo. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi ya Esteria.

Katibu wa hospitali, mzee Clemence, alimwita ofisini. Alikuwa mtu mwema, ila alipenda amani kupita kiasi. Hata kuku wakigombana uani aliwaachia uwanja.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, Esteria. Keti. Weka sahihi hapa, yaishe. Wametuambia tukishasaini watamtuma mtaalamu. Wewe tutakuhamishia stoo ya dawa, mshahara wako haugusi mtu.”

Esteria aliisoma karatasi mpaka mwisho. Mikono ikaenda kwenye kilemba.

“Yaishe nini, mzee? Mimi nikiwa stoo ya dawa, gulio lijalo mfumo ukianguka mtamsainisha nani?”

“Usiwe mkali, mwanangu.”

“Sijawa mkali bado. Sisaini. Mwite huyo mtaalamu aje siku ya gulio, aone kwa macho yake. Akinionyesha kosa langu nitasaini na kuondoka kabisa, siyo kwenda stoo.”

Maneno hayo yakawa mkataba. Mzee Clemence akakubali kumwita mtaalamu, na Esteria akatoka mle ndani akijua ameweka kazi yake mezani. Kazi aliyoisomea kwa viazi vya baba yake. Akaenda moja kwa moja chumba cha seva.

Alianza kwa kukitoa kitambaa. Alikikunja, akakiweka kwenye droo, na ilimuuma kama kumvua mgeni koti. Kisha akamrukia Zuberi, fundi umeme, kwamba nyaya zake zimechoka. Zuberi akapima, akapima tena, umeme ukawa umetulia tuli.

“Dada Esteria, umenitukana bure,” Zuberi akasema huku akikusanya vifaa vyake.

“Nimekutukana bure. Nisamehe. Nilikuwa napiga redio kofi.”

Zuberi hakuelewa, lakini alisamehe.

Siku ya kliniki ya watoto ukungu ulishuka mzito mpaka jengo la wodi halikuonekana kutoka mapokezi. Seva haikutikisika. Ikaja siku ya gulio, jua likiwaka, seva ikiwa uchi haina hata uzi juu yake. Ikaanguka kabla ya chai. Esteria akasimama mbele ya lile boksi jeusi, akalitazama kwa hasira. Basi si ukungu, wala si umeme, wala si kitambaa cha mama yangu. Unaumwa wapi wewe? Akaacha kulipapasa, akaliwasha tena, akaenda kukaa mapokezi, maana mgonjwa huulizwa alikula nini.

Mapokezi palikuwa na Secilia, mama wa makamo aliyebakiza muda mfupi kustaafu. Jina Secilia liko kwenye hati ya mshahara tu. Hospitali nzima humwita Mama Dotto, kwa jina la mwanawe. Esteria akavuta kigoda, akaketi nyuma yake.

Akaja bibi mmoja, kanga mbili, miguu ina vumbi la Mlola.

“Onga mshi,” bibi akasalimu kwa Kishambaa.

“Niwedi. Shikamoo mama,” akajibu Mama Dotto. “Mama nani vile?”

“Mama Klara.”

Mama Dotto akaandika kwenye nafasi ya jina: Mama Klara. Akabonyeza kutafuta. Kiduara kikaanza kuzunguka. Kikaendelea kuzunguka, na kutoka kwenye stoo ya mablanketi ukasikika mvumo wa feni ya seva ikitweta.

“Mama Dotto,” Esteria akasema taratibu, “huwa unawaandika hivi wote?”

“Niwaandikeje? Nimuulize mama mzima jina lake la utotoni, watu wamejipanga nyuma yake, kama polisi?”

Na hapo ndipo mlango ulipofunguka. Huku milimani mwanamke aliyezaa huitwa kwa mtoto wake. Kumtaka aseme jina lake mwenyewe dirishani, mbele ya wakwe na majirani, ni kumvunjia heshima, na Mama Dotto hakulelewa hivyo. Basi akina mama walikuwa wameandikwa Mama Klara, Mama Rubeni, Mama Happiness, miaka nenda miaka rudi. Na kwa kuwa wajukuu hurithi majina ya babu na bibi zao, akina Mama Klara walikuwa wamejaa kila kijiji. Toleo la zamani halikujali: lilitazama jina na kijiji, likaleta wachache wa karibu, Mama Dotto akachagua. Toleo jipya lilijifanya lina akili. Kila ukitafuta jina, lilikusanya kwanza wote wanaofanana nalo, likamlinganisha kila mmoja na kila mwenzake ili ligundue aliyeandikwa mara mbili. Likikutana na neno Mama, lilikusanya nusu ya wanawake wa Usambara. Ni kama kumwambia mtu asiuze kiazi chochote gulioni mpaka alinganishe kila kiazi na viazi vingine vyote. Seva ilijaza kumbukumbu yake yote, ikakosa pumzi, ikazima. Siku ya watoto haikupata shida, kwa sababu watoto huja na majina yao.

Esteria aliinuka, akamkumbatia Mama Dotto kwa nyuma, Mama Dotto akauliza kuna nini, kafa nani.

Mtaalamu kutoka Dar aliitwa Edgar, kijana mpole mwenye koti jepesi lisilojua baridi ya Lushoto. Walikaa ofisini kwa mzee Clemence, ile ripoti ikiwa katikati ya meza. Esteria aliomba kitu kimoja tu: nakala ya hifadhidata ya hospitali iwekwe kwenye kompyuta ya Edgar mwenyewe, yenye toleo jipya. Edgar hakuona ubaya.

“Kompyuta yako ina kitambaa?” Esteria akauliza.

“Haina, dada.”

“Ukungu umeingia?”

“Haujaingia.”

“Tafuta Mama Klara.”

Edgar akaandika. Kiduara kikazunguka, feni ikalia, kioo kikawa cheusi. Mzee Clemence akakohoa. Edgar akaiwasha, akarudia mwenyewe bila kuambiwa, ikazima tena. Akaegemea kiti, akatazama dari. Kisha akasema ukweli, na kwa hilo apewe haki yake. “Hii ni ya kwetu, mzee. Kule tulikoijaribu kila mtu ana jina lake.”

Akampigia bosi wake, akaweka sauti nje ili wote wasikie. Bosi alisikiliza, kisha akapata njia. Alisema vizuri sana, basi tubadilishe ripoti: kosa si la mtunza mfumo, ni la mwandikishaji wa mapokezi, aliyeingiza majina yasiyo halali. Aandikiwe onyo, faili lifungwe, na programu watairekebisha kimyakimya.

Uso wa mzee Clemence ukang'aa. “Umeona, Esteria? Wewe umetoka salama. Mama Dotto anastaafu karibuni, karatasi ya onyo haitamfanya kitu.”

Kilemba kilifunguliwa chote, kikafungwa upya, na hakuna aliyepumua mpaka fundo lilipokaza.

“Sijapigana nitoke mimi aingie Mama Dotto. Majina yarekebishwe, sawa, nakubali. Tutawaita akina mama pembeni, mmoja mmoja, kwa adabu, hata ikichukua mwaka. Lakini programu ikipewa jina isilolipenda iseme silitaki. Isife, ikaua na kliniki nzima. Na kama lazima mtu wa hospitali hii aandikwe, niandikeni mimi, na barua yangu ya kuacha kazi iwe juu yake.”

“Esteria, usifike huko...”

“Mzee, mama yako hutibiwa hapa?”

Mzee Clemence akashangaa. “Si unajua? Kliniki ya presha.”

“Mapokezi wanamwitaje?”

Mzee akaitupia jicho kompyuta. Esteria akamgeukia Edgar. “Mdogo wangu, washa. Tafuta Mama Clemence.”

Edgar akaandika herufi moja moja. Kiduara kikazunguka mbele ya macho ya mwana wa Mama Clemence, kikazunguka bila haya, kioo kikawa cheusi.

“Haya, mzee,” Esteria akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. “Mama yako yuko dirishani, ametembea tangu alfajiri, na hao wa Dar wamemzimia taa. Mama Dotto amemsalimu shikamoo na kumwita kwa jina lako. Chagua wa kumpa onyo.”

Kwenye simu bosi aliuliza kama bado wapo. Mzee Clemence, ambaye kuku walimshinda, aliichukua ile ripoti, akaichana katikati, akaweka vipande pamoja, akavichana tena. Kisha akaisogelea simu. “Tupo,” akasema. “Rudisheni toleo la zamani leo. Ripoti nitaiandika mimi, na nyie ndio mtasaini.”

Walirudisha. Gulio lililofuata Mama Klara wa Mlola alipata dawa zake na kuwahi kuuza kabichi. Mama Dotto alisimuliwa yote na Zuberi, aliyetia chumvi kidogo, na tangu siku hiyo chai ya Esteria hufika mezani kabla hajaiomba.

Baada ya wiki kadhaa kampuni iliandika kwa upole kwamba, ili wafunge faili lao, wanaomba picha mpya ya seva. Esteria alifungua droo. Kitambaa kilikuwa na mikunjo, kwa hiyo alikipeleka kwanza kwa dobi wa hospitali kikapigwe pasi. Akakitandika, ua la zambarau katikati kabisa, matundu ya hewa wazi, akarudi nyuma hatua moja kukagua, ndipo akapiga picha na kuwatumia.