Shukrani za Kazi ya Beverlyne

Nyumba ya marehemu Mwalimu Gitobu, pale Githongo, haikuwa nyumba ya kusemwasemwa. Tangu mumewe azikwe, mwaka wa tisa sasa, Kagwiria hakuwahi kuchelewesha karo wala kukopa sukari kwa jirani. Yeye mwenyewe alifundisha miaka thelathini, akastaafu bila doa. Kwa hiyo bintiye Beverlyne alipomaliza chuo kikuu akakaa miaka miwili akichuma kahawa na vibarua, aliyeumia zaidi alikuwa mama.

Ndipo kazi ikaja, kwa simu. Beverlyne aliketi sebuleni akibonyeza alama ya kupenda kwenye video za hoteli za ng'ambo, na jioni shilingi mia tatu zikaingia. Kampuni ikamtumia barua ya ajira yenye muhuri wa bluu. Wiki ya pili Kagwiria alikuwa amekwisha kualika watu. Huko kwao mtoto akipata kazi hufichi. Unachinja mbuzi, unamwita mchungaji, majirani wanakuja kushukuru pamoja nawe.

Siku mbili kabla ya maombi hayo ya shukrani, alivaa miwani akaisoma ile barua kwa makini. Haikuwa na anwani, wala mtaa, wala jina la aliyetia sahihi. Akamwuliza Beverlyne ofisi iko wapi. Beverlyne akamwambia kazi za siku hizi hazina ofisi. Na mbona juzi alimwona akiwatumia pesa hao waajiri? Hiyo, Beverlyne alieleza, ni ada ya kupanda ngazi. Ukilipa elfu tano unapewa video zenye malipo makubwa. Meneja wao, Antony, ndiye anayepokea.

Kagwiria aliikunja barua polepole. Maisha yake yote hakuwahi kuona mfanyakazi anayemlipa mwajiri. Lakini mbuzi alikuwa nyuma ya jikoni, viti vya kanisa vimeshaletwa, na mchungaji amethibitisha kwamba anakuja. Angewaambia watu nini? Akajisemea kwamba pengine ni yeye aliyepitwa na wakati.

Watu wakaja, wakala mukimo na nyama, na Beverlyne akasimama kutoa ushuhuda. Baada ya sala, Gacheri, mjane wa ng'ambo ya kijito anayeishi kwa vibarua vya kahawa, alimwomba Beverlyne amwonyeshe namna ya kujiunga. Kama nyumba ya Mwalimu imo, alisema, yeye ni nani akatae? Kagwiria alisikia kila neno. Akaendelea kumimina chai.

Siku ya nane baada ya maombi, Beverlyne alitaka kutoa mshahara wake uliokusanyika kwa kampuni, akaambiwa alipe kodi kwanza, elfu ishirini. Alilipa. Akaambiwa kuna ada nyingine. Alipouliza maswali, Antony akamtoa kwenye kundi lao la simu, na simu yake haikupatikana tena. Kagwiria alimpeleka kituo cha polisi. Afisa aliandika mistari mitatu, akawaambia kwamba namba kama hizo husajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasiojua lolote, akawaombea heri.

Kagwiria alimkataza Beverlyne asimwambie mtu. Jumapili, watu walipomuuliza habari za kazi ya binti, alijibu kwamba Mungu ni mwema. Wiki ikapita hivyo. Kisha Alhamisi, penye foleni ya maziwa, akasikia kwamba Gacheri ameuza mtamba wake ili apande ngazi.

Alirudi na mtungi wa maziwa mkononi, akavuka kijito bila kuvua viatu.

"Mama Beverlyne! Leo umetukumbuka," Gacheri alisema. Alikuwa ameketi mlangoni, simu mapajani.

Kagwiria hakukaa. Alimweleza yote akiwa amesimama: barua isiyo na anwani, kodi, polisi, Beverlyne anayelala na nguo zake. Alimweleza hata kwamba alikuwa na shaka kabla ya mbuzi kuchinjwa.

Gacheri akacheka kidogo.

"Ulikuwa na shaka, ukatulisha nyama?"

"Niliona aibu, Gacheri."

"Jumapili uliniambia Mungu ni mwema."

"Nilikuficha."

"Basi leo nitajuaje kwamba hunifichi?" Sauti yake haikuwa na ukali. "Antony alituonya. Alisema waliotangulia watakuja kutuzuia, tena watu wa karibu kabisa. Nyinyi mmeshafika juu, mwalimu. Mimi nina watoto watatu."

Kagwiria alimsihi angoje hadi kesho tu, amwite Beverlyne aje kumweleza mwenyewe. Gacheri akasema ofa inakwisha saa sita. Alikuwa akibonyeza tarakimu za kutuma pesa kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayejifunza kuandika. Kagwiria alinyoosha mkono, akaurudisha. Humnyang'anyi mtu simu mlangoni pake, hasa mtu uliyemdanganya.

Simu ikalia. Gacheri akasoma ujumbe, midomo ikicheza.

"Zimefika," alisema. Kisha, kwa mara ya kwanza, akainua uso kwa wasiwasi. "Za Beverlyne zilichukua siku ngapi kurudi?"

Kagwiria aliuweka mtungi chini, akaketi kando yake kizingitini.