Hati ya Kifungo ya Fundi Majokofu

Karani yule wa mahakama, ambaye wote walimwita Mama Muhuri, hakuwa mtu wa kukosea. Thubutu! Miaka ishirini na sita meza ileile, mahakimu wanakuja na kuondoka, yeye yupo, na hati zake hazijarudishwa hata siku moja. Siri yake ilikuwa kutangulia: kesi ikikaribia hukumu, alichapa hati ya kifungo mapema, akanakili mashtaka yote na kuacha wazi nafasi ya miaka tu.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya fundi majokofu. Mashtaka mawili: unyang'anyi wa kutumia silaha, na kukutwa na bastola bila kibali. Hakimu, mwanamke kijana lakini mkali kama pilipili, alimwachia huru kwenye unyang'anyi, maana mashahidi walijikanyaga mpaka wakatia huruma. Bastola ndiyo iliyomnasa. Wakili akaomba apunguziwe, ni kosa lake la kwanza.

"Miaka mitatu," hakimu akasema, "kuanzia siku uliyokamatwa."

Mama Muhuri akajaza miaka, hakimu akatia saini, askari magereza akaondoka na hati.

Mama Muhuri akajimiminia chai. Funda la kwanza tu, moyo ukamlipuka. Mungu wangu! Shtaka la kwanza, la unyang'anyi, hakulifuta kwenye hati!

Alijua maana yake. Gerezani fundi angepangwa na majambazi, na akitoka, nani angemruhusu kuingia jikoni kwake mtu aliyeandikwa mnyang'anyi? Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini roho hiyo hakuwa nayo. Akavua viatu, akatimua mbio koridoni na mwili wake wote ule, mawakili wakimpisha.

Gari la magereza lilikuwa limeshawashwa. "Zima!" akafoka. "Hati hiyo ina kosa. Nimekosea mimi."

"Wewe, mama?" askari akacheka. "Leo lazima mvua inyeshe!"

"Ukimaliza kucheka, nipe."

Akaenda kukiri kwa hakimu mbele ya mawakili, kidevu juu. Hati mpya ikatiwa saini.

Aliporudi, alimkuta mama mzazi wa fundi kando ya gari. Siku zote za kesi mwanawe alimkataza kuja.

"Msomee mama hukumu yangu," fundi akaomba kupitia nondo za dirisha. "Mimi hataniamini."

Mama Muhuri akasoma: unyang'anyi, hana hatia.

Machozi yakamtoka bi mkubwa. "Si nilisema? Mwanangu hajawahi kushika bunduki hata ya kuchezea!"

Fundi akamtazama karani kwa macho ya kumsihi aishie hapo. Mama Muhuri akashusha pumzi. Kosa moja kwa siku lilimtosha.

"Kuna la pili, mama. Bastola ilikuwa yake. Ilikutwa kwenye sanduku lake la vifaa."

"Sanduku lipi? Lile nililokuwa nikimwekea chini ya kitanda changu kila jioni?" Bi mkubwa akamgeukia mwanawe. "Na mimi nilikuwa nalala juu yake?"

Fundi akainamisha kichwa. "Ndiyo, mama."

Gari likaondoka. Bi mkubwa hakuinua mkono kumuaga.