Ukelele wa Alfajiri

Kila alfajiri nyanya yangu, Ardith Benally, hukimbia kuelekea mashariki akipiga ukelele, kama sisi Wanavaho, wenyeji wa asili wa Amerika, tunavyofundishwa utotoni. Mji wetu wa Gallup ulipoandaa mbio za nusu marathoni, mwandalizi alimwomba avae shanga za feruzi, asimame kwenye mstari wa kuanzia apigwe picha na wageni.

“Mimi si sanamu, mwanangu,” nyanya alimjibu. “Nipe namba ya kukimbia.”

“Mama, una miaka sabini na moja!”

“Na wewe una thelathini, ngazi tatu tu unahema.”

Mbio zilipoanza alfajiri, alikimbia akiwa amevaa sketi yake ya mahameli, akipiga ukelele hadi wageni wakaziba masikio. Alimaliza wa mwisho. Nilimuuliza kwa nini hakunyamaza, aokoe pumzi.

“Alfajiri inanijua kwa sauti,” alisema. “Nikinyamaza, itadhani nimekufa.”