Siku ya Mechi Kipa Hasemeshwi

Ilpo Hyttinen aliidakia timu yetu ya hoki ya barafuni ya Lehtoniemi misimu kumi na sita. Ukijumlisha siku zote za mechi alizonipita mlangoni bila hata kunitupia jicho, utapata kama miaka miwili mizima ya ukimya. Mimi ndiye niliyekuwa nikimnolea viatu vya barafu, nikimkaushia glavu na kumshonea kinga za miguu zilipochanika. Naitwa Reino, na kwa miaka minane kati ya hiyo nilikuwa na neno la kumwambia ambalo sikumwambia. Nalisema mapema ili msomaji asije akanidhania mtu mwema.

Kipa hasemeshwi siku ya mechi. Haikuandikwa popote, lakini hapa kwetu kila mtu anaijua, kuanzia kocha hadi mama anayeuza kahawa na soseji getini. Sisi Wafini wenyewe si wasemaji, mtu anaweza kukaa sauna, kile chumba cha mvuke wa moto, na jirani yake saa nzima na wakaagana kwa kuguna tu, lakini ukimya wa kipa ni mwingine. Merja, mke wa Ilpo, alikuwa akichomoa waya wa simu asubuhi, anaacha makaroni kwenye jiko, anawachukua watoto na kwenda kushinda kwa dada yake. Ilpo anaamka, anakula peke yake, anatembea hadi uwanjani, anatapika mara moja kwenye choo cha pili kutoka mlangoni, kisha analala sakafuni na taulo usoni mpaka wakati wa kuvaa. Ukimsalimia umemharibia siku, na tukifungwa ni wewe uliyetufungisha.

Alizaliwa Hiirenvaara, kijiji cha mbali kaskazini, mtoto wa tatu wa Viljo, dereva wa lori la maziwa, na Helvi. Kaka zake wawili walitaka mtu wa kumpigia mikwaju, na mdogo hana kura. Viljo alimkatia godoro kuukuu, akamfunga miguuni kwa mikanda, akamsimamisha golini kwenye ziwa lililoganda. Helvi alipolalamika kwamba mtoto anaanguka kila saa, Viljo alimjibu kwamba basi amepata kazi yake, maana barafu keshaizoea.

Alikuja kwetu ana miaka kumi na tisa, na mfuko wa vifaa mkubwa kuliko yeye. Mechi yake ya kwanza alifungwa saba. Wenzake hawakumhurumia. Siku ya pili walimuuliza kama mlango ule una kitasa au ni wa kupita tu. Yeye akacheka nao, akabaki mazoezini peke yake mpaka mwenye mashine ya kusafisha barafu akamfukuza. Msimu wa tatu hakuna aliyemtania tena.

Baridi moja klabu kubwa ya Helsinki ilimwita. Tulimuaga kwa keki na hotuba. Alikaa benchi mechi thelathini, kazi yake kuwafungulia mastaa kilango cha barafuni wanapoingia na kutoka, akacheza dakika kumi na moja, akafungwa mawili, akarudishwa. Nilimuuliza amejifunza nini huko kwa wakubwa. Akasema amejifunza kufungua kilango vizuri. Alicheka, ila tangu hapo nilianza kuona uchovu machoni mwake, wa mtu aliyekwisha kuona mwisho wa barabara na bado ana safari.

Na mwili nao ulikuwa unalipa. Kipa hushuka magoti chini na miguu nje, mara mia kwa siku, mwaka baada ya mwaka, na nyonga za binadamu hazikuumbwa kwa hilo. Alipofika miaka ishirini na saba alikuwa anavaa soksi akiwa amelala chali. Kila mechi alitoka na kilo nne pungufu za jasho, na jasho hilo lote lilibaki kwenye vifaa, ambavyo nilivitundika mimi. Mke wangu alisema anasikia harufu ya Ilpo kitandani kwake.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Machi ya mwaka tisini na tatu, mechi ya saba na ya mwisho ya kupigania kubaki daraja letu. Tukifungwa tunashuka, na sote tulijua kwamba tukishuka klabu inafungwa, kwa sababu mwaka ule kila kitu nchini kilikuwa kinafungwa. Kiwanda cha karatasi kilikuwa kimeshapunguza nusu ya watu. Kipa wetu wa akiba alikuwa hajawahi kumaliza mechi hata moja.

Saa sita mchana simu ya chumba changu cha kunolea, jirani na chumba cha wachezaji, ililia. Alikuwa Helvi.

"Reino, baba yake Ilpo kapelekwa hospitali asubuhi hii. Moyo. Nyumbani kwake simu haipokelewi."

Nilimwambia kwamba Ilpo yupo hapa, ila leo ni mechi.

"Najua leo ni mechi, mimi ndiye niliyemzaa. Viljo anamwita. Mwambie sasa hivi, usingoje mechi iishe."

Nikamwitikia, ndiyo mama. Nikaweka simu chini, nikaenda chumba cha wachezaji. Ilpo alikuwa amelala sakafuni, taulo usoni, mikono kifuani. Nikasimama juu yake. Kutoka kwetu hadi hospitali ile ni mwendo wa saa tatu kwa gari. Neno lilikuwa mdomoni, nilichotakiwa ni kufungua kinywa tu. Nilisimama labda dakika nzima. Kisha nikainama, nikachukua viatu vyake vilivyokwisha kunolewa tangu asubuhi, nikaenda kuvinoa tena.

Nilijiambia ni desturi. Nilijiambia wazee wengi huugua moyo na kupona, na kwamba Viljo mwenyewe asingetaka mwanawe aharibiwe siku. Maneno hayakunikosa. Ukweli ni kwamba nilikuwa na miaka hamsini na mmoja, sijui kazi yoyote zaidi ya kunoa na kushona, na niliogopa njaa nikaiita desturi.

Tulishinda moja bila. Ilpo alizuia mikwaju arobaini na mmoja, mingine kwa kifua, mmoja kwa kofia, na watu walilia kwenye majukwaa, wanaume wazima wa kiwandani. Kocha Pasanen alimbusu kwenye paji la uso. Nilingoja mpaka akae, nikachuchumaa mbele yake kumfungulia mikanda ya miguu, na hapo nikamwambia mama yake amepiga simu, baba yupo hospitali.

"Kapiga saa ngapi?" akauliza.

"Mechi ilikuwa imeshaanza," nikasema.

Aliondoka na nywele mbichi, wenzake bado wanaimba. Viljo alikuwa amefariki saa mbili kasorobo usiku, sisi tukiwa kipindi cha pili. Angetoka nilipopewa ujumbe angefika saa tisa, wangekuwa pamoja kwa muda wa karibu saa tano.

Nilikwenda mazishini na shada la klabu. Helvi alinipa mkono bila kunitazama, nami nikajua nimekwisha. Nikangoja. Ilpo akarudi kazini baada ya wiki moja, akanitupia glavu kama kawaida na kuniambia mshono wa kidole gumba umeachia. Siku ya pili ikapita, mwezi ukapita. Nikaanza kujifariji kwamba huenda kwa uchungu wake Helvi alichanganya saa, au hakuona haja ya kusema. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miaka minane, na niliitembea yote.

Mara ngapi nilijaribu! Lakini siku ya mechi haifai, siku baada ya mechi amechoka, siku kabla ya mechi ataharibika. Msimu una mechi hamsini, hesabu mwenyewe uone imebaki siku gani. Alipofungwa nilijilaumu, aliposhinda nilijilaumu zaidi. Naye alizidi kuchoka. Alikuwa anateremka kwenye basi kwa kinyumenyume kama mzee, na vijana wapya walimwita Babu naye hana hata miaka thelathini na mitano. Aliniambia mara moja, tukiwa safarini, kwamba hapendi tena mchezo huu wala hauchukii, anaumaliza tu. Aliacha majira ya kuchipua ya mwaka elfu mbili na moja. Madaktari wakamkata nyonga zote mbili na kumtia za chuma.

Mwezi wa saba alinialika Hiirenvaara, kwenye nyumba ya baba yake, ambako alikuwa anajiuguza. Nilijua hiyo ndiyo nafasi, na kwamba nikirudi na siri ile moyoni nitazikwa nayo. Helvi alikuwa na miaka sabini na minane, bado mkakamavu. Aliniwekea kikombe cha kahawa mezani bila kunikaribisha, mkate wa mdalasini akauweka upande wa mwanawe. Nilikunywa kahawa ile yote.

Jioni bado jua liko juu tukaingia sauna, mimi na Ilpo. Hakuweza kupanda benchi la juu, tukakaa la chini, ambako joto ni la watoto. Makovu yake yalikuwa mekundu pande zote mbili. Nikaona nisipoanza sasa nitaanza kuongea habari za samaki.

"Mama yako alipiga saa sita mchana," nikasema. "Si wakati wa mechi. Alisema nikuambie pale pale. Nilikuja, nikasimama, nikashindwa. Halafu nikakudanganya."

Ilpo akachota maji, akayamwaga kwenye mawe, akangoja mvuke utulie.

"Najua. Mama aliniambia usiku ule ule, hata koti sijavua."

Nilidhani nitaona aibu, kumbe nilipandwa na hasira. Miaka minane nimejikunja mbele ya mtu huyu kama mwizi, nimemnolea viatu mara mbilimbili, nimekosa usingizi, naye anajua. Nilimwambia hivyo hivyo. Nilimuuliza ni raha gani alikuwa anaipata kunitazama.

"Sio raha, Mzee Reino." Alikuwa anatazama miguu yake. "Unadhani mtu akilala na taulo usoni masikio nayo yamelala? Nilisikia simu. Nilikusikia unaitikia ndiyo mama. Kuna mama gani mwingine wa kupiga simu pale siku ya mechi? Nikakusikia umekuja, umesimama, unapumua."

Akafuta jasho usoni kwa kiganja.

"Nilijua ni habari mbaya. Ningetoa taulo, ungesema. Ungesema, ingebidi niamue. Na mimi nilikuwa nataka kucheza ile mechi. Kwa hiyo nikabana macho, nikakuombea unyamaze."

Nilimuuliza kwa nini basi, baada ya hapo, hakuniambia.

"Maadamu kosa lilikuwa lako, mimi nilikuwa mtoto aliyefichwa habari. Nilikuachia wewe ubebe. Nilikuwa nimechoka, sikuweza kubeba na hilo."

Ningeweza kumtukana, na tusi nilikuwa nalo. Lakini nilimtazama yule mtu mzima na makovu yake, hawezi hata kupanda benchi la sauna ya baba yake, hasira ikaniishia nikabaki na huzuni tupu. Kisha nikakumbuka kikombe kile cha kahawa.

"Na mama yako?" nikauliza. "Anajua nini?"

"Anajua ni wewe," akasema. "Wewe tu."

Nje tulisikia viatu vya Helvi kwenye ngazi, kisha akagonga mlango, akauliza kama tumefia humo ndani, mbona kimya hivi, na chakula kinapoa. Aliuliza kwa jina la Ilpo peke yake, kama alivyofanya tangu nilipofika.

Ilpo akashika ukuta, akasimama kwa taabu, akajifunga taulo kiunoni. Nilitaka kumwambia aache, mama ni mzee, ameshaizoea chuki yake kwangu na haimdhuru tena. Nilifungua kinywa. Hakungoja. Alitoka, na mlango haukufunga vizuri nyuma yake, kwa hiyo nilimsikia.

"Mama, kaa kwanza hapa," alisema. "Nataka kukwambia habari ya siku ile ya Baba."