Picha Ilipomfunga Daktari Mdomo

Mimi shule niliishia darasa la tatu, na sioni haya kulisema. Hata msomi angepotea kwa daktari yule wa Jeddah. Kinachoniudhi si kutojua, ni kutoambiwa.

Nilikuwa dereva wa nyumba moja ya Al-Hamra. Sukari ninayo, na kidole kidogo cha mguu kikafanya kidonda. Siku hiyo nilimpeleka kliniki mama mzazi wa bosi, pamoja na dada wa Kitui anayemtunza. Kiarabu dada huyo anakimwaga kama maji, ila ugali wake, Mungu amsamehe. Nikaona na mimi niingie nitazamwe.

"Mzee, nije nikutafsirie?" dada akaniuliza.

Daktari akamzuia mlangoni. "Mafi haja, hakuna haja. Picha ipo."

Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Mguu, kidole cheusi. Picha ya pili, mguu uleule, kidole hakipo! Akagonga kioo kwa kalamu: "Shuf, shuf, tazama. Umefahamu?" Sisi tulilelewa hivi: mkubwa akikuuliza umeelewa, unaitikia, maana kukana ni kumwambia hajui kueleza. Nikasema naam. Akafurahi, akaandika dawa, halas, kwisha. Mguu wangu hata hakuushika.

"Amesemaje?" dada akaniuliza nje.

"Ananikata kidole."

"Amesema hivyo?"

"Hakusema. Ameonyesha."

Dawa sikununua. Nani atibu kidole kilichokwisha hukumiwa? Wala sikurudi.

Baadaye bosi akahamia Riyadh, nasi tukafuata. Kidonda kikaanza kunuka, mpaka dada akanikokota kliniki. Daktari wa huko kompyuta yake ilikuwa imezima, basi ikambidi aseme, na kwanza aulize: "Mzee, wewe unadhani una nini?" Swali hilo sikuwahi kuulizwa. Nikamweleza habari za picha, dada akitafsiri. Daktari akashika kichwa.

"Ile ilikuwa picha ya mtu asiyetumia dawa. Hakuwa wewe."

"Sasa ni yeye," dada akasema, wala hakucheka.

Ndiyo hivyo, kidole changu kikaenda kwa maneno machache ambayo mtu aliona uvivu kuyatamka kwa kuwa ana picha! Picha haijui kusema "ukifanya hivi" wala "usipofanya vile". Hayo ni kazi ya mdomo.

Mpasuaji naye, asubuhi ya kukatwa, akaja na kioo chake cha picha mkononi anionyeshe watakapopitisha kisu. Nikakilaza kifudifudi kitandani.

"Sema kwanza," nikamwambia. "Dada yuko hapa, na masikio ninayo."