Chungu Kilichofudikizwa

Bodaboda iliniteremsha Mlalo asubuhi, ukungu ukiwa mzito hata nyumba niliyoelekezwa sikuiona. Harufu ya rangi ya mafuta ndiyo iliyonifikisha kwa Nathanaeli, mchora vibao vya maduka, mzee wa miaka sitini na mitano. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia huku akifunga mkoba wa safari.

Nilikuja kuandika habari za picha moja. Mwaka 1991 Mjerumani mmoja, mtunzi wa mchezo wa karata za mashujaa na mazimwi, alimwagiza picha kumi na mbili. Mojawapo ilikuwa Mfalme wa Mvua: jitu lenye pembe na meno ya nguruwe mwitu, limechuchumaa, chungu miguuni. Uso aliuchukua kwa babu yake wa Vuga, ambaye vijiji vizima vilimwendea kuomba mvua. Karata zikaenda Ulaya, naye akadhani zimeishia huko. Mwaka huu zimerudi, ndani ya simu.

Binti yake Efrazia, mwalimu, alinimiminia chai na kunieleza ubishi wa mtandaoni. Kuna wanaosema picha inawatukana Waafrika, iondolewe. Kuna wanaosema ni ya zamani, iachwe. Yusra, mwalimu mwenzake kutoka Tanga, alimtania kwamba babu yao anatisha kuliko mkuu wa shule. Efrazia aliziona pembe zile aibu. Baba yake alizitetea, maana zimwi lisilo na pembe nani atalinunua? Walibishana hivyo wiki nzima, karibu kwa furaha.

Jana baba wadogo wa Nathanaeli walimpigia simu kutoka Vuga. Aende leo, aichukue picha ya asili aliyobaki nayo, awe peke yake, na asile kitu njiani.

“Habari za pembe hawakuuliza kabisa,” Efrazia aliniambia.

Waliuliza habari za chungu. Katika ukoo wao chungu cha mvua hufudikizwa, mdomo chini, siku moja tu, mwenyewe akishakufa. Pichani kimefudikizwa. Babu alikuwa hai ilipochorwa, akafa mwezi uleule. Wakiamini kwamba mjukuu alimchorea kifo, watamtoa katika ukoo, na Efrazia pamoja naye.

Nilimuuliza Nathanaeli kwa nini alikigeuza. Aliitazama mikono yake.

“Mdomo wa chungu ulinishinda,” alisema. “Kila nikiuchora, unapinda. Nikakifudikiza, yakaisha.”

“Waambie hivyohivyo, baba,” Efrazia alimwambia.

“Mwanangu, nani Vuga atakubali kwamba mimi nilishindwa na duara?”

Nyuma yake kibao cha fundi baiskeli kilikuwa kikikauka, magurudumu mawili ya mviringo usio na dosari.

Chai yake hakuigusa. Alimwambia binti yake maneno machache ya Kishambaa, akaitia kwapani picha iliyoviringishwa, akatoka. Niliinuka nimsindikize hadi stendi. Akanirudisha kwa mkono. Hatua kumi, ukungu ukammeza.

Efrazia aliosha vikombe nje, akavipanga kwenye kichanja, midomo juu, kimoja kimoja. Manyunyu yakaanza kuvijaza. Hakuvigeuza.